Meza ya Watu Wawili

Gitega, Nyamugari, 20 Januari 2003

Shangazi yangu Mwamini,

Salaam aleikum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kama mgongo bado unauma, basi uume kidogo. Mimi sijambo. Mvua imenyesha mpaka ukuta wa choo cha jirani umeanguka, na sasa nusu ya Nyamugari tunajuana kuliko tulivyotaka. Cherehani inafanya kazi. Mguu wangu wa kushoto unavimba jioni kwa kukanyaga pedali, na uzi umekuwa wa kutafuta kwa tochi kwa sababu barabara ya Bujumbura ilifungwa wiki nzima. Nakula, nalala, naswali.

Sasa habari yenyewe. Kuna Mkongomani wa Bukavu, Bwana Cubaka, amefungua restora karibu na soko, yeye na mkewe Gracieuse. Tarehe 14 Februari wanafanya Saint-Valentin, ile sikukuu ya wapendanao inayotangazwa redioni. Kwa kuwa usiku hakuna ruhusa ya kutembea, wataifanya saa nane mchana, na mishumaa wataiwasha hivyo hivyo juani. Tiketi ni moja kwa watu wawili. Ya mtu mmoja haipo, niliuliza. Basi nimenunua hiyo hiyo.

Nakuomba umwambie Shafii aje. Nimemwandikia barua tatu kupitia kwako tangu mwezi wa tisa na sijapata hata salamu. Najua yuko kwenye biashara zake huko mpakani, Kobero na Ngara, najua njia ni mbaya, lakini malori ya maharage yanatoka Muyinga kila wiki na madereva wanaopita si malaika, ni watu kama yeye. Miaka mitatu sasa tangu alete valizi, lile sanduku la posa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba valizi ya bwana harusi inakaa kwa shangazi, imefungwa, ufunguo anao bibi harusi, na hakuna anayechungulia mpaka siku ya ndoa. Nimetii. Nauvaa ufunguo shingoni, na mafundi wenzangu wananiita Madamu Ufunguo. Nina miaka thelathini na mbili, Shangazi. Jina hilo lilinichekesha mwaka wa kwanza.

Mwambie nitakaa meza ya karibu na lango ili anione mara tu akishuka kwenye lori. Na unijibu kuhusu valizi, kama haijaingia unyevu.

Mwanao asiyependa kusubiri,
Riziki

*

Muyinga, 6 Februari 2003

Mwanangu Riziki,

Waaleikum salaam, wewe na wote wanaoniulizia huko Gitega, kama wapo. Mgongo umesikia dua yako nusu: unauma kidogo asubuhi na sana mchana. Idi ya kuchinja imekaribia. Mwaka huu jirani zangu wamechanga wakapata mbuzi mmoja, mbuzi mwenyewe mwembamba hivi kwamba tukimchinja tutakuwa tumempunguzia mateso. Maharage yametoka vizuri, shukrani kwa Mungu, ila kuyapika ndiyo kazi. Tangu waniibie babula yangu ya makaa napikia juu ya mawe matatu niliyookota mtoni, na hakuna mawili yanayolingana. Juzi chungu kiliinama, maharage yote yakaenda kwa kuku. Kuku walifurahi.

Valizi iko juu ya kabati, nimeifunika kitenge, na unyevu haujui hata inakaa wapi. Unauliza kama naitunza. Siku ile tulipokimbia risasi niliacha babula, nikaacha kinu, nikaacha godoro langu la ndoa. Nilibeba valizi yako kichwani mpaka upande wa Kobero, na siku ya tatu nikairudisha. Ni nzito, mwanangu. Shingo yangu mpaka leo inageuka upande mmoja tu. Nilijiambia njiani: aliyejaza mzigo namna hii ana nia.

Hiyo Saint-Valentin yenu siijui. Marehemu Hamissi alinipenda miaka ishirini na sita bila mshumaa hata mmoja, na umeme hatukuwa nao. Lakini ukienda, nenda umevaa vizuri, na usivae kile kiatu cha kisigino, kuna tope. Subira yavuta heri.

Zuberi wa lori la maharage anapiga honi, nakomea hapa. Msalimie mwenye ukuta ulioanguka.

Shangazi yako,
Mwamini

*

Gitega, 23 Februari 2003

Shangazi Mwamini,

Salaam, na Idi njema iliyopita. Natumaini mbuzi alitosha.

Barua yako ya tarehe 6 imenifikia tarehe 19. Zuberi anasema msafara ulisimama Karuzi siku nane wakisubiri wanajeshi wa kuusindikiza, na kwamba yeye mwenyewe alikula maharage mabichi ya tajiri wake. Kwa hiyo tarehe 14 nilikuwa sijasoma neno lako hata moja. Sasa nimelisoma. Nimesoma ukurasa wa mbele na wa nyuma mara tatu. Mbuzi yupo, mgongo upo, kuku wapo. Shafii hayupo.

Sikukuu ilipita. Chakula kilikuwa kingi na nilikula vizuri.

Naomba jibu la swali nililouliza, si la swali ambalo sikuuliza. Ulimwona? Ulimpa barua zangu? Subira yavuta heri, ni kweli, lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, na hiyo pia ni methali uliyonifundisha wewe.

Riziki

*

Muyinga, 2 Aprili 2003

Riziki,

Waaleikum salaam. Mimi ni mzima, mbuzi alitosha, na leo sina zaidi katika hayo.

Wiki iliyopita Radjabu muuza chumvi alirudi kutoka huko kwenu. Kabla hajashusha gunia la kwanza alikuwa ameshawaambia soko zima kwamba picha yako iko kwenye dirisha la studio, hapo sokoni Gitega, uso wako katikati ya moyo mwekundu mkubwa, na shavu kwa shavu nawe uso wa mwanamume mnene mwenye masharubu. Nilimwambia ni mtu anayefanana nawe. Akasema, "Mama Mwamini, mi namujua Riziki tangu iko mutoto. Ni yeye, na kamba ya ufunguo iko ku shingo."

Siku mbili baadaye Saidi, kaka yake Shafii, alikuja na Mzee Waziri wa msikitini na watu wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kukohoa. Saidi hakunywa hata chai. Alisema hivi, naandika maneno yake kama yalivyotoka: "Mama, huyu mutoto wenu iko na bwana mwingine Gitega. Picha iko mu dirisha, watu yote wanaona. Sisi tunataka valizi yetu, na vitu vyote vyenye viko ndani." Akavitaja mbele ya Mzee Waziri: vitenge sita vya nta, viatu jozi mbili, heleni za dhahabu, mashuka, marashi. Alitaka kuvunja kufuli pale pale. Nikasimama mbele ya kabati na huu mgongo wangu. Nikamwambia akivunja, kesho atasema kuna kitu hakipo na mwizi ni mimi. Itafunguliwa kwa ufunguo wake au haifunguliwi.

Wamenipa muda. Sasa mtaa mzima wanasema shangazi amezuia mali ya watu. Mimi niliyeibeba kichwani. Nitumie ufunguo, na uniambie huyo mnene ni nani, ana mke au hana, na ulifikiri nini.

Mwamini

*

Gitega, 14 Aprili 2003

Shangazi,

Salaam aleikum. Mguu umevimba, mvua inanyesha, na salamu zimekwisha.

Unataka kujua nilifikiri nini. Nitakwambia siku yote ilivyokuwa, na ukimaliza kusoma umsomee Radjabu pamoja na gunia lake la chumvi.

Siku ile ya Saint-Valentin ilikuwa Ijumaa. Nilitoka sala, nikavaa gauni la bluu nililolishona kwa ajili ya sherehe ya ndoa yangu. Nikavaa na kiatu cha kisigino, kwa kuwa barua yako ya kunikataza ilikuwa Karuzi. Saa nane kamili nilikuwa langoni kwa Cubaka. Walikuwa wamepanga meza kumi na mbili uani, kila meza mshumaa mmoja, sahani mbili, viti viwili. Jua lilikuwa kali hata moto wa mshumaa hauuoni, unaona nta tu inainama kama mtu aliyechoka kusimama. Wengine walikuja wawili wawili. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Musinzira na mkewe waliokuwa wanagombana tangu langoni kuhusu nani alisahau mwavuli, na nakwambia kweli, niliwaonea wivu hata huo ugomvi.

Kila lori likinguruma barabarani nageuza shingo. Cubaka akaja, "Dada Riziki, mwenzako anafika saa ngapi? Ku jikoni wananiuliza." Nikasema yuko njiani. Akarudi tena, nikasema yuko njiani. Mara ya tatu nikasema yuko Karuzi, kama vile nimemwona kwa macho. Wakapakua zote mbili, kwa sababu wanapika kwa meza, hawapiki kwa mtu: mishikaki, ndizi, vibanzi, sahani yangu na sahani yake. Nikala yangu. Ya Shafii ikapoa mbele yangu, mafuta yakaganda, nzi wakafika kabla yake.

Kisha wakaanza kuomba kiti. Kwanza mwanamke aliyekuja na mume na mtoto mgongoni. "Dada, hiki kiti iko na mutu?" Nikamwambia kina mtu. Akaja mpiga gitaa. Nikamwambia kina mtu. Yule mwalimu naye akaja kukiombea mkoba wa mkewe, mkoba, Shangazi, na nikakishika kiti kwa mkono mpaka akaondoka. Kwa muda wa saa tatu nzima nimelinda kiti kitupu mbele ya watu kama askari wa benki. Sijawahi kuona aibu namna ile, na hakuna aliyenitukana. Walikuwa wananihurumia, na heri wangenitukana.

Mwisho alikuja mpiga picha. Kila tiketi ilikuwa na picha yake, na picha inapigwa ndani ya kadibodi kubwa iliyokatwa mfano wa moyo, yenye matundu mawili ya nyuso. Nikasema sitaki. Akasema nimelipia. Nikaingiza uso tundu la kwanza. Akasema, "Haiwezekani hivi, madamu, tundu moja iko wazi, inaonyesha nguo zenye zimeanikwa." Watu wakacheka. Hapo Gracieuse akatoka jikoni, akamsukuma mumewe mgongoni, akamwambia, "We Cubaka, enda uzibe." Cubaka akaziba. Huyo ndiye mnene wako mwenye masharubu. Ana mke, ana watoto sita, na alikuwa amevaa aproni, ila moyo ule ulimfunika mpaka shingoni. Saa kumi na moja wanajeshi wakapita kusema kila mtu aende kwake.

Sikukuandikia haya Februari kwa sababu nilitaka angalau mtu mmoja duniani aamini kwamba nilikula vizuri.

Ufunguo sitoi. Saidi hakunichumbia. Aliyenichumbia ni Shafii, na kama ananiacha, aniache kwa mkono wake mwenyewe, mstari mmoja unatosha. Mwambie hivyo. Na wewe nijibu, Shangazi: kwa nini kaka mtu ndiye anayekuja, na mwenyewe yuko wapi?

Riziki

*

Muyinga, 9 Mei 2003

Mwanangu Riziki,

Nakusalimu salamu ya mtu mwenye hatia, uipokee au uiache.

Shafii ameoa. Yuko Ngara, kwenye kambi ya wakimbizi, na mke wake ni binti wa Kirundo. Nililijua wiki ya pili ya Ramadhani. Mama mmoja anayeuza samaki wakavu aliwaona, na mtoto wao alikuwa ameshaanza kukaa. Nilimfuata mwenyewe mpaka Kobero ili nisikie kwa masikio yangu. Niliambiwa ni kweli, na kwamba amekwenda upande wa pili, hawezi kuonana nami. Barua zako tatu ziko ndani ya Msahafu wangu. Ya kwanza ilikosa mtu wa kuibeba, na hizo mbili sikuzipeleka.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Kila nilipokaa kuandika, mkono uliandika mbuzi. Ukishaanza na mbuzi, ukurasa unajaa. Nilikuwa najiambia vita vitakwisha, huyo wa kambini atarudi kwao, Shafii atakumbuka. Nilikuwa nakiangalia kile kilima cha mzigo juu ya kabati na kusema, mtu hawezi kuacha mali yote hii. Nami niliibeba, Riziki. Niliacha godoro langu na la Hamissi. Ningekubalije kwamba nimebeba mzigo wa mtu asiyekuja?

Kwa hiyo wewe ulilinda kiti na mimi nililinda valizi. Lakini wewe hukujua, na mimi nilijua. Nisamehe kwa hilo peke yake, mengine tutagombana tukionana.

Kwenu ile picha ilikuwa mzaha. Kwao ilikuwa bahati. Walikuwa wanatafuta namna ya kuvunja uchumba bila kosa kuwa lao, ukawapa moyo mwekundu. Sasa Saidi amesema mbele ya msikiti kwamba tumeshavaa vile vitenge na kuuza heleni, ndiyo maana hatufungui. Watu walionizikia mume wangu sasa hawaji kunywa maji kwangu. Nakuomba ufunguo. Siuombi kwa ajili yao.

Mwamini

*

Gitega, 1 Juni 2003

Shangazi,

Salaam aleikum. Ukuta wa choo umejengwa.

Ufunguo umo ndani ya pindo la kitambaa hiki cha mezani, kona yenye uzi mwekundu. Zuberi hajui alichobeba. Ufungue mbele ya Saidi, mbele ya Mzee Waziri, mbele ya yeyote anayetaka kukohoa, na kila kitu kihesabiwe kwa sauti. Mlango uwe wazi. Wakishachukua mali yao, waseme hadharani kwamba Mwamini hakugusa kitu.

Barua zangu tatu zichome bila kuzisoma. Kama umeshazisoma, usiniambie.

Shingo yangu inaniwasha pale ufunguo ulipokuwa. Mafundi hawajaniuliza kitu, na hilo nalo linanikera.

Riziki

*

Muyinga, 25 Juni 2003

Mwanangu,

Sijui barua hii niianze wapi, kwa hiyo nakusalimu kwanza kama mtu mwenye adabu. Mimi ni mzima. Sasa keti, kama umesimama.

Jumapili walikuja. Mlango nilifungua wazi kama ulivyosema, na nusu ya mtaa wakaingia hadi kwenye kitanda. Tulishusha valizi mimi na Mzee Waziri, na Mzee Waziri akasema, "Hii iko nzito kweli," na Saidi akatikisa kichwa kwa fahari, unaona, mali. Nikakata pindo, nikatoa ufunguo, nikampa Saidi afungue mwenyewe. Kufuli lilikuwa na kutu, likalia.

Juu kulikuwa na gunia la chumvi, tupu, limekunjwa. Chini ya gunia, gazeti. Chini ya gazeti, matofali matatu, Riziki. Matofali ya kuchoma, mazuri, kila moja limefungwa kwa kamba ya mgomba ili yasigongane. Nilipekua mpaka kitambaa cha ndani. Hakukuwa na kitenge, hakukuwa na heleni, hata sindano.

Hakuna aliyekohoa. Saidi aliketi chini, si kwenye kiti, chini kabisa. Akasema, "Mama, mi sikujua. Aliniambia amejaza." Nilimwamini, maana uso ule hauigizwi. Mzee Waziri ndiye aliyesema kwa sauti, kama ulivyotaka, kwamba Mwamini hakugusa kitu. Kisha akaongeza kwamba hapakuwa na kitu cha kugusa, jambo ambalo angeweza kuliacha.

Mimi nilicheka kwanza. Halafu nilikasirika hivi kwamba niliwafukuza wote, hata wasio na kosa. Shingo yangu, mwanangu. Risasi zilikuwa zinalia nyuma yetu, na mimi nimebeba matofali kichwani, nayabeba kwa heshima, nayapumzisha kwa taratibu ili marashi yasimwagike. Jirani yangu alibeba wajukuu wake. Mimi nilibeba matofali.

Nimefikiri sana. Nadhani siku ile hakuwa na kitu, aliona haya kuja mikono mitupu, akasema ataijaza baadaye kabla ya ndoa. Labda. Au labda hapana. Mungu anamjua, na mimi sitamuuliza.

Saidi alichukua valizi, ni ya kwao. Matofali aliyaacha, aliona aibu kupita nayo sokoni. Nikayaangalia siku mbili yakiwa katikati ya nyumba. Siku ya tatu nikatupa yale mawe yangu ya mtoni nikayapanga hayo kuwa mafiga. Yanalingana, na chungu hakiinami. Jana nilipika maharage, hayakumwagika hata punje moja, nikala nikilia.

Barua zako nimezichoma juu ya mafiga hayo. Sikuzisoma. Njoo Muyinga njia ikitulia, au usije kama bado una hasira, ila uniandikie.

Shangazi yako asiyetaka tena kubeba kitu,
Mwamini

*

Gitega, 15 Februari 2004

Shangazi yangu Mwamini,

Salaam aleikum, na Idi iliyopita iwe ya heri. Zuberi ananiambia mwaka huu mbuzi alikuwa na nyama, na kwamba shingo yako sasa inageuka pande zote mbili ukitaka kuona nani anapita. Najua nimekaa miezi saba nikikutumia uzi na sabuni bila neno. Uzi ulikuwa wa hasira kidogo. Sabuni ilikuwa ya salamu.

Nimeambiwa pia kwamba Shafii amepata mtoto wa pili. Sikulia. Nilivunja sindano mbili siku hiyo, lakini ni sindano za siku zote, huvunjika.

Jana ilikuwa Saint-Valentin. Cubaka amepanga tena mchana, maana usiku bado haturuhusiwi, na tiketi bado ni ya watu wawili. Niligombana naye wiki nzima juu ya hilo. Nilimwambia mimi ni mteja kama wateja wengine, nina mdomo mmoja na tumbo moja. Akasema, "Dada, sikukuu iko ya kuple, ya watu wawili wawili, mi nitafanya namna gani?" Nikamwambia apike sahani moja. Akasema jikoni hawajui kupika hivyo. Basi nikanunua ya wawili kwa mara nyingine, na nikaenda, nimevaa lile gauni la bluu. Sikutaka libaki kwenye msumari likiliwa na nondo kwa ajili ya mtu wa Ngara.

Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Meza ni zile zile kumi na mbili, mishumaa inainama vile vile. Yule mwalimu na mkewe walikuwepo, mwaka huu hawakugombana, wakanichosha zaidi. Cubaka alikuja kuuliza, "Unangoja nani leo?" Nikasema simngoji mtu, lete chakula. Alileta sahani zote mbili. Nilikula ya kwanza, na ya pili nikamwambia Gracieuse anifungie kwenye majani ya mgomba, nimeila leo mchana nikiwa kwenye cherehani. Mishikaki ya jana ni migumu ila inalika.

Mpiga picha naye alikuja na moyo wake wa kadibodi. Cubaka akaanza kuvua aproni. Nikamwambia asijisumbue. Picha ninakutumia humu ndani. Mimi ndiye wa kushoto. Kulia unakoona tundu, zile ni nguo za Gracieuse zilizoanikwa, na ile nyekundu ni sketi yake. Usimwonyeshe Radjabu. Au mwonyeshe, aone kama ataipatia sketi jina la bwana.

Katikati ya chakula mwanamke mmoja alisimama karibu nami, mjamzito, mume wake amekwenda kutafuta soda. Aliangalia kiti cha mbele yangu, akaniangalia mimi, akaogopa kidogo, nadhani walimwambia habari zangu za mwaka jana. Akauliza, "Dada, hiki kiti iko na mutu?"

Nilikuwa na mshikaki mdomoni. Nikameza kwanza. Nikamwambia, "Hakina mtu, mama. Chukua."

Alikibeba mwenyewe mpaka kwenye meza yao, nami nikavuta sahani karibu nikaendelea kula. Nitakuja Muyinga njia ikitulia, nataka kuyaona hayo mafiga.

Mwanao,
Riziki